Uzi: Kunguni, mende, panya na mchwa. Vipimo vya dawa na maswali ya kumuuliza mpiga dawa (Nakuru, Kisumu, Magharibi)

TochiNaKadi (Nakuru)

Wadau, kila wiki kuna mtu anauliza hapa "dawa gani kali ya kunguni?" na majibu yanakuwa majina ya chupa. Dawa nzuri zipo agroveti yoyote yenye leseni. Kinachowaangusha wengi ni kalenda: wanapiga mara moja, wanalala vizuri siku tisa, kisha mayai yanaanguliwa na lawama zote anabebeshwa muuza dawa.

Yai la kunguni ni jeupe, urefu wa milimita 1 hivi, limegandishwa ndani ya ufa. Dawa nyingi za kupuliza haziliui. Kwenye joto la nyumba huanguliwa kati ya siku ya 6 na ya 10, na kwa baridi yetu ya huku linaweza kukaribia wiki mbili. Kinda akitoka lazima anyonye damu ndipo ajivue gamba, na atajivua mara 5 kabla ya kuwa mkubwa wa kutaga. Kwa hiyo mpigo wa pili uwe kati ya siku ya 10 na ya 14. Hapo mayai karibu yote yameanguliwa na hakuna kinda aliyefikia kutaga. Ukipiga wa pili siku ya 4 umepoteza dawa, ukingoja siku ya 40 umeanza upya.

Kabla ya dawa, tafuta. Chukua tochi na kadi ngumu ya plastiki, ile ya benki iliyoisha muda inatosha. Pitisha ukingo wa kadi kwenye mshono wa godoro, chini ya lebo ya godoro, kwenye maungio ya kitanda, matundu ya skrubu, chini ya chaga, pindo la pazia na nyuma ya soketi iliyo karibu na kichwa. Unatafuta madoa meusi kama ya wino, maganda ya rangi ya asali, mayai, na wenyewe. Doa likipanguswa kwa kitambaa chenye maji na kuacha mchirizi wa hudhurungi, hicho ni kinyesi cha kunguni. Wengi hukaa ndani ya mita 2 kutoka pale mtu analala, kwa hiyo sofa ambayo mgeni hulalia ni kitanda pia.

Siku yenyewe: kitanda kifunguliwe vipande vyote. Asiyefungua kitanda hajafanya kazi, hata akija na mashine ya kuvutia. Nguo na shuka zote ziende kwenye maji ya nyuzi 60 au zaidi, au mashine ya kukaushia ya dobi kwa joto la juu nusu saa. Zisizofulika zipigwe pasi polepole kwenye mishono. Kisha zifungwe kwenye ile mifuko ya kuhifadhi mahindi isiyopitisha hewa, yenye nailoni ndani. Inauzwa kila agroveti, haina tundu na inashika nguo nyingi. Zikae humo hadi mpigo wa pili upite, utoe za kuvaa tu.

Kuanika godoro juani: Kisumu na Busia jua linaweza kuua walio juu ya kitambaa. Ndani ya godoro la inchi 6 joto halifiki, na Nakuru iliyo juu ya mita 1,800 ndio kabisa. Wanahamia upande wa chini wanangoja jioni.

Baada ya dawa endelea kulala hapo hapo. Ndiyo, hapo hapo, dawa ikishakauka na chumba kupata hewa. Ukihamia sebuleni wanakufuata, sasa una vyumba viwili vya kupiga.

---

Mkaaji_FreeArea

Asante TochiNaKadi. Nipo ghorofa ya pili, ploti ya nyumba 16, Free Area. Mpiga dawa ameniambia atamaliza kwa siku moja bila kufungua kitanda: anaweka "vidonge vya gesi" tatu chini ya kitanda, nafunga mlango saa 24. Jirani wa chini ana mtoto wa miezi miwili. Ni sawa?

---

Sanitari_Mstaafu

Mkaaji, hapana. Mkataze leo, na umwambie jirani wa chini na msimamizi wa ploti.

Hivyo vidonge ni alumini fosfaidi. Vimetengenezwa kwa maghala ya nafaka na rundo la magunia lililofunikwa turubali, mbali na watu wanaolala. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa fosfini. Gesi hiyo inapita kwenye silingi ya pamoja, mabomba ya nyaya za umeme, nyufa za slabu na tundu la bomba la maji. Wewe umefunga mlango ukaenda kwa shangazi, gesi imeingia kwa jirani aliyelala. Na hospitalini hakuna dawa ya kuipinga. Daktari anatibu dalili tu. Watu husema utaisikia harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Usiitegemee hiyo pua, kuna kiwango kinachodhuru bila kunusika.

Ikiwa mtu tayari ameviweka: tokeni wote, fungueni milango na madirisha mkiwa mnatoka, wala msirudi kukusanya mabaki. Usivimwagie maji wala kuvifunika kwa kitambaa kibichi, maana maji ndiyo yanayoviamsha. Mwenye kifua kubana, kichefuchefu au kizunguzungu apelekwe hospitali mara moja na mtaje jina la dawa.

Jingine la kukataa ni dawa ya unga ya kuhifadhi mahindi kunyunyizwa chini ya shuka. Ile inapimwa gramu 50 kwa gunia la kilo 90, na mahindi hayapumui usiku kucha na pua juu yake. Petroli na mafuta ya taa kwenye fremu ya kitanda pia: yanaua yule yaliyemgusa tu, hayaachi kinga yoyote, na nyumba ina jiko.

---

Bomba_Nusu

Niongeze hapo kwa vipimo, kwa sababu hata wenye nia njema wanakosea.

Dawa ya kubaki ukutani hupigwa kiasi cha mililita 40 hadi 50 za mchanganyiko kwa kila mita mraba. Chumba cha mita 3 kwa 3: ukanda wa nusu mita kuzunguka chini ya kuta ni mita mraba 6. Fremu ya kitanda, nyuma ya kabati, chini ya sofa na fremu ya mlango tuseme mita mraba 12. Jumla 18. Zidisha kwa 50 unapata mililita 900, hata lita haijafika. Mtu akimaliza pampu ya lita 16 kwenye chumba hicho, ameosha nyumba: dawa inachuruzika sakafuni, inakusanyika katikati ambapo mtoto anatambaa, na ufa wa kitanda umebaki mkavu.

Kuchanganya: jaza maji nusu, weka dawa, ongeza maji hadi alama, funga, tikisa. Lebo ikisema mililita 10 kwa lita, pampu ya lita 5 inachukua 50. Pima kwa sindano kubwa ya mifugo. Kifuniko cha chupa si kipimo, kila kampuni ina kifuniko chake. Dawa ya unga unaoyeyushwa ikoroge kwenye ndoo kwanza, la sivyo inaziba nozeli na unaanza kuipuliza kwa mdomo, jambo ambalo nimeona wanaume wazima wakifanya.

Nozeli mbili: ya kipepeo kwa kuta, ya sindano kwa nyufa. Presha ndogo. Ukungu mwingi unapendeza machoni lakini unaelea hewani, hauingii kwenye tundu la skrubu. Zile kopo za moshi zinazowashwa katikati ya chumba ndiyo hasara hiyo hiyo: kunguni yuko ndani ya mbao, moshi uko juu ya silingi.

---

Kadogo_Kisumu

Kuna jambo la usugu hamjataja. Dawa nyingi za rafu ya supamaketi ni za jamii moja, pairethroidi: sipamethrini, deltamethrini, lambda-sihalothrini. Kunguni wa sehemu nyingi duniani wamezizoea. Mtu akitoka kwa sipamethrini kwenda deltamethrini anaona amebadilisha dawa, kumbe amebadilisha kibandiko. Soma jina dogo la kiambato chini ya jina kubwa la biashara. Mpigo wa pili utumie jamii nyingine, kwa mfano klofenapiri, ambayo ni ya polepole. Usiogope ukiwaona wakitembea siku ya tatu.

Na kwa watu wa Nakuru, mnajisahau: pareto yenu, ile inayosindikwa hapo mjini, ndiyo mama wa hizo dawa zote. Pareto halisi inamchokoza mdudu atoke mafichoni na kumwangusha haraka, lakini mwanga unaivunja, hivyo haiachi ulinzi. Fundi mjuzi anaitumia kukagua: anapuliza kidogo kwenye ufa, anasubiri dakika chache, anaona nani anatoka. Kisha ndipo anaweka dawa ya kubaki.

---

Mkaaji_FreeArea

Nimemkatalia. Sasa landilodi anasema apige nyumba yangu tu. Ni lazima ploti nzima?

---

Sanitari_Mstaafu

Ploti nzima ikaguliwe, zipigwe zilizo na dalili. Kwa uchache wa kushoto, wa kulia, wa juu na wa chini yako wakaguliwe siku hiyo hiyo kwa tochi. Kunguni wanapita kwenye mabomba ya nyaya.

Landilodi akikataa, Sheria ya Afya ya Umma, sura 242, inaihesabu nyumba iliyojaa wadudu kiasi cha kudhuru afya kuwa kero, na afisa wa afya ya umma wa kaunti ana mamlaka ya kutoa notisi iondolewe. Mara nyingi kutaja tu kwamba utampigia afisa kunatosha. Nani alipe ni suala la mkataba wenu, ila nyumba tatu zikiwa nazo kwa pamoja ni vigumu kusema ni uchafu wa mpangaji mmoja.

---

Awuor_Jikoni (Kisumu)

Hamjambo. Mende wa Kondele wanataka uzi wao wenyewe lakini nitaandika hapa.

Tofautisheni wawili. Mdogo, wa hudhurungi, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, anaishi jikoni na kuzaa jikoni. Mkubwa mwekundu anatoka mtaroni, chemba ya choo na choo cha shimo. Huyo ni mgeni, mzibie njia: wavu kwenye tundu la maji ya bafu, kifuniko cha chemba kilichokaa sawa, sementi pale bomba linapoingia ukutani. Kumpulizia mkubwa ndani ya nyumba kila jioni ni kazi isiyoisha kwa sababu kiwanda chake kiko nje.

Kwa mdogo tumia jeli, ya fipronili au indoksakabu au imidaklopridi. Weka tone la ukubwa wa punje ya pilipili manga, mengi madogo kuliko machache makubwa. Sehemu: bawaba za kabati, pembe za juu za droo, chini ya sinki bomba linapoingilia, nyuma ya maikrowevu, mpira wa mlango wa friji kwa upande wa chini, na karibu na mota ya friji. Mota ni ya moto na ina unyevu, na mende wanapenda hapo kuliko popote. Kwa jikoni ndogo tone 20 hadi 30 zinatosha mara ya kwanza. Siku ya 3 angalia: tone lililoliwa lirudishie, lililokauka bila kuguswa lihamishe.

Jike anabeba mfuko wa mayai, hadi 40 hivi, na kuuachia karibu na kuanguliwa. Kuanzia mfuko kutokea hadi vitoto ni kama wiki nne, pungufu kidogo kwa joto letu la ziwani. Hivyo wiki ya 3 au ya 4 weka jeli mpya hata kama umesahau rangi ya mende.

---

Kamau_wa_Pipeline

Awuor, mimi napendekeza kupuliza kwanza kupunguza idadi, halafu jeli. Kazi inaenda haraka.

---

Awuor_Jikoni (Kisumu)

Ndugu Kamau, hapo ndipo jeli nyingi hufia. Dawa ya kupuliza inawafukuza na kuacha harufu wanayoikwepa, sasa nani atakula jeli? Inafanya kazi kwa sababu anayekula anarudi kwenye ufa, anafia humo, na wenzake wanakula kinyesi chake na maiti yake. Ukimfukuza, mnyororo umekatika. Kama lazima upunguze idadi, tumia mashine ya kufyonza vumbi au mitego ya gundi siku mbili kabla. Na usipangue kwa Jik pale ulipoweka jeli, wala usibakishe sufuria ya ugali na omena wazi usiku, jeli haiwezi kushindana na omena.

Mitego ya gundi minne iwe ya kuhesabia: chini ya sinki, nyuma ya friji, chini ya jiko la gesi, kabati la unga. Andika tarehe juu yake. Namba ikishuka kila wiki unaendelea vizuri. Ikisimama, badilisha jeli ya kiambato kingine, wengine wanakataa ladha.

---

Kamau_wa_Pipeline

Sawa, nimekuelewa dada. Kwa hoteli bado nitapuliza mtaroni na nje, lakini jikoni jeli.

---

Ghala_Bungoma

Panya. Nitakuwa mfupi kwa sehemu ya dawa na mrefu kwa sehemu ya sementi.

Panya mdogo wa nyumbani anapita tundu la milimita 6, unene wa kalamu. Mkubwa anahitaji milimita 12 na kuendelea, na akikosa ataguguna afike hapo. Zima taa mchana ndani ya ghala au jikoni, simama, tazama mwanga unaingilia wapi: chini ya mlango, kati ya ukuta na mabati, kwenye bomba. Hayo ndiyo matundu yako. Jaza sufi ya chuma ya kusugulia sufuria kwanza, kisha sementi juu yake. Sementi peke yake ikiwa mbichi wanaichimba usiku ule ule, na povu la kujaza nyufa wanalitafuna. Chini ya mlango piga bati, liache nafasi isiyopita milimita 5. Ghala la mahindi likiwa juu ya nguzo, nguzo ivishwe bati la kujikunja la sentimita 30 upana, mita moja kutoka ardhini, na miti isiguse paa.

Mtego wa kubana: uweke ukutani, kichochezi kikigusa ukuta, maana panya hutembea akipapasa ukuta. Panya mkubwa anaogopa kitu kigeni, kwa hiyo mlishe kwenye mtego usiotegwa siku tatu, kisha tega yote usiku mmoja. Chambo: siagi ya karanga au kichwa cha omena kilichofungwa kwa uzi, asiweze kukinyakua. Mitego miwili haitoshi. Weka 6 kwa chumba kimoja chenye dalili, yote siku moja.

Sumu za kuzuia damu kuganda, brodifakumu na bromadioloni, zinaua baada ya siku 3 hadi 7. Faida ni kwamba panya haunganishi kifo na chakula. Hasara ni kwamba anafia ndani ya silingi na utahamia kwa jirani kwa harufu. Kwa hiyo ndani mitego, nje sumu, na sumu iwe ndani ya kisanduku kilichofungwa na kufungiwa chini, kamwe isitandazwe. Paka, mbwa na nguruwe wakila panya aliyekula wanaumia pia. Mtoto akiila, nenda hospitali na pakiti. Matibabu ni vitamini K na daktari lazima ajue ni sumu ya aina gani. Ndiyo sababu zile pakiti za unga zinazouzwa stendi bila lebo hazifai hata kwa bure.

Mavi ya panya usiyafagie makavu. Loanisha kwa Jik, sehemu 1 kwa maji 9, subiri dakika 10, futa kwa karatasi ukiwa na glavu.

---

Mjengo_Kakamega

Mchwa sasa. Huku kwetu Kakamega, Vihiga, Busia hadi Siaya, kujenga bila kupiga dawa ya udongo ni kuwapikia.

Kwanza hakikisha ni mchwa. Njia za udongo ukutani au kwenye mbao: mchwa. Unga laini mkavu chini ya kiti na vitundu vya mviringo vya milimita 1 au 2: huyo ni dumuzi wa mbao, hana uhusiano na udongo, na anayekuuzia dawa ya kumwaga msingini kwa ajili yake anakula pesa yako.

Nyumba mpya: kokoto zimeshindiliwa, murram au vumbi la kware limesawazishwa, ndipo dawa ipigwe, kisha nailoni, kisha waya na zege. Kipimo cha kawaida ni lita 5 za mchanganyiko kwa mita mraba. Msingi wa mita 10 kwa 8 ni mita mraba 80, yaani lita 400. Pembeni nje chimba mtaro wa sentimita 15 upana na 30 kina, mwaga lita 5 kwa kila mita, na udongo wa kurudishia nao uloweshwe. Mzunguko ni mita 36, lita 180. Jumla lita 580. Fundi akija na pampu moja ya lita 20 na kuondoka kabla ya chai, hesabu mwenyewe alichokuachia.

Yanayoharibu kazi: mvua kabla ya kufunika, udongo uliolowa tayari usiofyonza tena, mafundi wa bomba wanaochimbua baada ya dawa, na kifusi cha mbao za fomu kilichozikwa chini ya slabu. Dawa na nailoni ziwe siku moja.

Nyumba iliyosimama: toboa kwa drili ya milimita 12 kwenye kona ya sakafu na ukuta, kila sentimita 30, weka lita 1.5 kila tundu, ziba kwa sementi. Vunja njia za udongo, rudi baada ya siku mbili uone kama zimejengwa upya. Kumchimbua malkia kunafurahisha watoto lakini si dhamana, kundi linaweza kuwa na malkia zaidi ya mmoja au kichuguu kingine kipo kwa jirani. Oili chafu kwenye nguzo inalinda ngozi ya nje. Nguzo ikipasuka jua, wanaingilia ufa.

---

Jaduong_Nyalenda

Swali kwa Mjengo: hapa Nyalenda na Manyatta tuna visima vifupi kila baada ya nyumba chache. Hiyo lita 580 inakwenda wapi?

---

Mjengo_Kakamega

Jaduong', swali zuri. Binafsi siruhusu kumwaga dawa ya udongo karibu na kisima kifupi kinachotumiwa, na mita 15 ndiyo mpaka wangu wa chini kabisa, tena kama ardhi haielekei kisimani. Pale tumia vituo vya chambo vya mchwa, mbao zilizotibiwa kwa presha kiwandani, na ngao ya bati juu ya msingi. Ni polepole lakini maji yanabaki maji.

Tena, kichuguu ambacho watu wanategea ngwen au chiswa (kumbikumbi wa kula) msimu wa mvua kisipigwe dawa yoyote. Muulize mwenye boma kwanza.

---

Sanitari_Mstaafu

Sasa kumwajiri mtu. Wengi wenu mnauliza bei ya kwanza kabla ya kujua mnanunua nini.

Kenya, bidhaa za kuua wadudu na wanaozipiga kibiashara wanasimamiwa na PCPB, bodi ya serikali ya dawa za wadudu, chini ya sheria ya mwaka 1982, sura 346. Muombe mtu leseni yake ya mwaka huu, akutumie picha, na jina kwenye leseni lifanane na jina linalotokea ukilipa kwa M-Pesa. Likitokea jina la binamu, uliza. Chupa iwe na namba inayoanza na PCPB(CR) na lebo nzima. Dawa iliyohamishiwa chupa ya soda hata usiiruhusu kupita mlango.

Kisha muulize haya, na usikilize anavyojibu. Kiambato ni gani na ni cha jamii gani? Utachanganya wapi? Jibu sahihi ni "mbele yako". Unarudi lini? Akisema hakuna haja ya kurudi kwa kunguni, mazungumzo yameisha. Mimi nitayarishe nini? Fundi wa kweli anakupa orodha siku mbili kabla: fungua kitanda, toa vyombo, funika unga na mtungi wa maji, toa kuku, toa samaki wa tanki. Paka wasirudi hadi pakauke kabisa, pamethrini ni mbaya sana kwa paka. Mwenye mimba, mtoto mchanga na mwenye pumu wakae nje siku nzima hata kama lebo inasema saa 4.

Mkaribishe kukagua kabla ya kutaja bei. Anayetaja bei kwa simu bila kuuliza vyumba vingapi, ghorofa au la, na mmeshatumia dawa gani, anauza bei tu. Mkataba uwe hata ujumbe wa WhatsApp: vyumba, kiambato, tarehe mbili, na maana ya kushindwa, kwa mfano kunguni hai wiki mbili baada ya mpigo wa pili, hapo arudi bila malipo. Lipa nusu siku ya kwanza na nusu baada ya mpigo wa pili. Usilipe yote mapema eti kwa sababu ya punguzo, tarehe ya pili itakuja na simu imezimwa.

"Dhamana ya miezi sita" kwa kunguni sioni maana yake. Mgeni mmoja na mkoba wake anaivunja.

---

Mkaaji_FreeArea

Na ule unga mweupe wa Gilgil? Kuna mtu anaupitisha hapa mtaani akisema ni wa asili, hauna madhara.

---

Bomba_Nusu

Huo ni diatomaiti, unachimbwa Kariandusi. Unafanya kazi kweli: unakwangua nta ya ngozi ya mdudu, anakauka. Lakini uulize ni upi. Uliochomwa tanuruni kwa ajili ya vichujio vya viwandani una silika inayodhuru mapafu, huo hapana. Mbichi uliosagwa ndio wa wadudu. Muuzaji asipojua tofauti, usinunue.

Weka utando usioonekana vizuri, kwa brashi kavu ya rangi, ndani ya nyufa, nyuma ya soketi umeme ukiwa umezimwa, ndani ya bomba la chaga. Marundo wanayazunguka. Vaa barakoa, usiweke juu ya godoro. Unachukua wiki moja hadi mbili, na ukilowa umekwisha, ndiyo maana Kisumu unasumbua kuliko Nakuru. Haugombani na dawa ya maji kama utasubiri ikauke kwanza.

Pia weka vikombe kwenye miguu ya kitanda: chombo kidogo ndani ya kikubwa, ukutani mwa ndani paka poda ya mtoto. Kitanda kiwe sentimita 15 kutoka ukutani, shuka isiguse chini. Kunguni anayepanda anaanguka humo na unapata hesabu ya kila asubuhi.

---

Kadogo_Kisumu

Kwa ufupi kwa waliouliza inboksi. Siafu wakiingia, toeni watoto na kuku waliofungiwa, waacheni wapite. Kwa saa chache watakuwa wamekula mende wote bila malipo. Sami, wale vijidudu kama mbu wanaoruka kwa makundi kutoka ziwani, hawaumi: funga madirisha jioni, taa ya nje zima au weka ya manjano. Sisimizi wa sukari: nusu kijiko cha chai cha asidi ya boriki, vijiko 8 vya sukari, kikombe cha maji, kwenye pamba ndani ya kifuniko, mbali na watoto. Ukizidisha boriki wanafia njiani kabla ya kufika kwa malkia. Mbu ni neti na kumwaga maji yaliyotuama kila wiki, kwa sababu kutoka yai hadi mbu ni siku 7 hadi 10 tu.

---

Kamau_wa_Pipeline

Mchanganyiko uliobaki kwenye pampu mnafanya nini? Niliambiwa haukai hadi kesho.

---

Bomba_Nusu

Haukai, nguvu inapungua na unga unatulia chini. Changanya kidogo kidogo. Kilichobaki kipige palepale kwenye nyufa ulizokwisha kupiga, na maji ya kusuuza pampu vivyo hivyo, mara tatu. Mtaroni hapana: pairethroidi ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo, na mitaro ya Kisumu inaishia ziwani. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, itobolewe, isiwe ya kuwekea mafuta ya taa.

Na pampu iliyowahi kubeba dawa ya magugu usiilete ndani ya nyumba. Weka alama ya rangi nyekundu, iwe ya shamba.

---

Mkaaji_FreeArea

Nimepata mwenye leseni, amekagua nyumba tano, tatu zina dalili. Mpigo wa kwanza Jumamosi, wa pili baada ya siku 12. Amesema fremu ya kitanda changu ni bomba la chuma lenye matundu wazi ya skrubu. Nifanyeje na hayo matundu?

---

TochiNaKadi (Nakuru)

Nozeli ya sindano ndani ya kila tundu siku ya dawa, acha yakauke, kisha unga wa diatomaiti kidogo kwa brashi. Usizibe kwa silikoni hadi mpigo wa pili upite. Ukiziba mapema mayai yaliyo ndani yanaanguliwa, kinda anapita upenyo mdogo kuliko unavyodhani, na dawa tena haiingii. Bisibisi ya nyota iwe mkononi Jumamosi, usimwache fundi akitafuta.